Kizuka na Daftari Lake

Swali limetoka Wete, kwa mwalimu wa sekondari. Nimepunguza salamu tu, mengine ni yake:

"Mwalimu, sisi walimu sita wa skuli moja tuna kikundi chetu cha kusoma. Safari hii tumesoma Barua Ndefu Kama Hii, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, ile tafsiri ya Clement Maganga, na tumetoka tumenuniana. Mmoja anasema huyu mama kaandika maisha yake mwenyewe: kaletewa mke mwenza, kaungua roho, akaamua kuipiga vita dini. Mwengine anasema hata huko kutetea wanawake hakuoni, kwani Ramatoulaye, yule anayesimulia, kaletewa mke mwenza na akakaa vilevile, aliyeondoka ni shoga yake. Mie kitabu nimekipenda, lakini sikuwa na la kuwajibu. Nani mkweli? Na huyo Mariama Bâ alikuwa mtu wa namna gani?"

Marahaba mwanangu, salamu zako zimefika. Wenzako wote wawili wamekosea, lakini yule wa pili kakosea karibu na mlango, ukimshika mkono utaingia naye. Wa kwanza yuko mbali kidogo, na nitaanza naye kwa kuwa kosa lake ndilo la watu wengi. Nimefundisha fasihi miaka thelathini na kitu, na kila mwaka hakukosekana mwanafunzi wa kuniambia kwamba mwanamke akiandika "mimi" basi anajisimulia. Mwanamme akiandika "mimi" huitwa fundi.

Haya, maisha yake. Mariama Bâ alizaliwa Dakar mwaka 1929. Mamaake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na babu na bibi wa upande wa mama, katika nyumba ya Waislamu wa kizamani, nyumba ya uwani kujaa watu na mtoto wa kike kujua mapema kutwanga na kufua. Wazee wale hawakuona haja ya msichana kuendelea baada ya skuli ya msingi. Aliyesimama kidete ni babaake, mtumishi wa serikali ambaye miaka ya 1950 alikuja kuwa waziri wa afya. Akatia mguu chini: mtoto atasoma. Lakini wazee nao hawakuachia kila kitu. Likizo zikifika, binti alipelekwa kudurusu Kurani kwa mmoja wa maimamu wakubwa wa msikiti mkuu wa Dakar. Lishike hilo la imamu, tutalirudia.

Mwaka 1943 alifanya mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha wasichana cha Rufisque, nje kidogo ya Dakar, akawa wa kwanza katika Afrika Magharibi yote iliyokuwa chini ya Ufaransa. Chuo chenyewe kilikuwa kichanga, kilifunguliwa 1938. Kwetu Unguja skuli ya serikali ya wasichana ilikuwa imeshafunguliwa tangu 1927, kwa hiyo bibi zetu waliosoma wakati huo wangemfahamu mara moja huyu binti: dakhalia, yaani bweni, ratiba ya kengele, mkuu wa skuli Mzungu, na nyumbani wazee wanaouliza mwali huyu ataolewa lini. Mkuu wa Rufisque aliitwa Germaine Le Goff. Akiwa hapo chuoni Mariama aliandika insha juu ya utoto wake iliyozua maneno, kwa sababu ilikataa ile siasa ya Wafaransa ya kumgeuza Mwafrika awe Mfaransa mweusi. Alihitimu 1947, akasomesha miaka kumi na miwili, afya ikamsumbua, akahamishiwa kwenye ukaguzi wa elimu. Alikuwa pia mtu wa vyama vya wanawake, wa kusimama mkutanoni na kusema.

Aliolewa mara tatu, akazaa watoto tisa. Mume wake wa mwisho, Obèye Diop, alikuwa mwanasiasa mwenye jina, na waliachana. Riwaya yake ya kwanza, hii mliyoisoma, ilitoka 1979, Nouvelles Éditions Africaines ya Dakar ndio wachapishaji, naye alikuwa na umri wa miaka hamsini. Mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Noma, ile iliyoanzishwa na mchapishaji mmoja wa Japani kwa ajili ya vitabu vinavyochapishwa Afrika, na yeye ndiye wa kwanza kabisa kuipokea. Agosti 1981 saratani ikamchukua. Riwaya yake ya pili, inayohusu kijana wa Dakar na binti wa Kifaransa, ilitoka yeye ameshafariki. Basi umri wake wa uandishi wa vitabu haukufika hata miaka mitatu.

Sasa mchukue Ramatoulaye umweke ubavuni mwake. Ramatoulaye ana watoto kumi na wawili, mwandishi tisa. Ramatoulaye kaolewa mara moja tu na baada ya hapo anakataa kila anayekuja, mwandishi kaolewa mara tatu. Ramatoulaye anafiwa na mume, mwandishi aliachika. Na kubwa kuliko yote, Ramatoulaye alikaa, Mariama Bâ aliondoka. Kama mtu anaandika maisha yake, hii ni njia ya ajabu ya kuyaandika: kila alipokata kulia, mhusika wake kamkatisha kushoto. Alichokikopa kwake mwenyewe ni skuli. Ualimu wa Ramatoulaye, urafiki wa wasichana waliotoka nchi mbalimbali wakalala bweni moja, yule mkuu wa skuli wa kizungu anayekumbukwa kwa mapenzi makubwa, hayo ndiyo ya Rufisque, yanatambulika. Ndoa aliitunga.

Na aliitunga kwa nini hivyo? Hapa ndipo sisi watu wa visiwani tuna bahati kuliko msomaji wa Paris.

Msomaji wa Paris huhitaji kuelezwa eda ni nini. Wewe unajua. Ramatoulaye ni kizuka, mjane aliye edani. Mumewe Modou Fall kafa kwa moyo, ghafla, naye amekaa ndani miezi minne na siku kumi kama ilivyo katika Al-Baqara, aya ya 234. Riwaya nzima imo ndani ya siku hizo. Wahakiki wengi hupita hapo mbio, husema "akiwa katika maombolezo," kisha huendelea na mambo ya mitala. Mimi naona hapo ndipo ufundi wote ulipo. Mama wa watoto kumi na wawili, mwalimu, mwenye nyumba, lini atapata kukaa akaandika? Hapati. Akishika kalamu ataitwa. Lakini kizuka haitwi. Hatoki kwenda harusini, hahudhurii mikutano, hajipambi, hana pa kuchelewa. Ile desturi ambayo wasomaji wa mbali wanaiona kuwa ni kifungo, mwandishi kaigeuza ikawa chumba chenye meza.

Nina sababu ya kulisema hili. Nilikuwa darasa la sita shangazi yangu alipofiwa. Alikaa eda nyumbani kwake Kikwajuni, nami nikatumwa nikalale naye. Kurani aliisoma vizuri, na barua za hati ya Kiarabu akiziandika mwenyewe, lakini shoga yake aliyekuwa Mombasa alikuwa akisomewa barua na mjukuu asiyejua ila herufi za kizungu. Kwa hiyo karani nilikuwa mimi. Tukikaa baada ya alasiri, yeye juu ya mkeka na mgongo ukutani, bila wanja, bila asmini, nywele zimefungwa tu, mimi na daftari la skuli. "Andika: sote wazima. Andika: ubani wako umefika. Andika: mvua za mwaka huu zimechelewa." Siku moja akasema, "Andika: nyumba imejaa watu na mie niko peke yangu." Nikaandika. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hilo lifute." Nilifuta mpaka karatasi ikatoboka, ikabidi tuanze ukurasa mpya, na kwenye ukurasa mpya mvua zikachelewa tena.

Miaka mingi baadaye nikasoma riwaya hii kwa mara ya kwanza, kwa Kiingereza. Ramatoulaye anamwambia shoga yake Aissatou kwamba barua yake ameipokea, na kwa kujibu anafungua daftari hili liwe tegemeo lake. Nikamwona shangazi. Tofauti ni kwamba huku hakuna wa kusema hilo lifute.

Nije kwenye dini, kwa kuwa ndilo jambo lililowanunisha.

Soma tena ile sura ya habari ya ukewenza. Jumapili, mchana, nyumba imefukizwa udi. Wanaingia wanaume watatu wamevaa vizuri: imamu, kakaake Modou anayeitwa Tamsir, na Mawdo, daktari, rafiki wa mume. Ramatoulaye anadhani Modou kapata ajali. Wao wanazunguka, wanataja kudra, wanasema Mungu akiwaweka watu wawili ubavu kwa ubavu hakuna wa kuzuia, na mwishowe inatoka: Modou leo kaoa. Mume mwenyewe hayupo. Ametuma shukurani kwa miaka ishirini na mitano ya ndoa. Na bibi harusi ni Binetou, mwanafunzi mwenziwe Daba, mwanawe mkubwa, msichana aliyekuwa akija hapo hapo nyumbani kudurusu kwa ajili ya mtihani, na Modou akimrejesha kwao kwa gari.

Ramatoulaye anafanya nini? Anajiamrisha kimoyomoyo, agizo moja moja: tabasamu, washukuru, wape cha kunywa, wasindikize. Wanatoka wakivuta pumzi ule moshi wa udi. Kila nikiisoma sura hiyo, udi ndio unaoniumiza. Aliufukiza yeye, asubuhi, kwa ajili ya nyumba yake.

Mwambie mwenzako atafute katika sura hiyo na zinazofuata mahali ambapo Ramatoulaye anasema mwanamme haruhusiwi kuoa wa pili. Hatapaona. Ramatoulaye ni Mwislamu wa swala tano, na baada ya kulia anajitayarisha kwa jambo moja tu: zamu. Atagawana mume kama dini ilivyoelekeza. Anangoja zamu yake. Zamu haikuja. Modou hakurudi tena, si siku ya zamu wala siku ya ada za skuli, miaka mitano, mpaka anakufa. Watoto wa mke mkubwa wanapanda mabasi ya abiria wakisukumwa, gari jipya liko kwa mke mdogo. An-Nisaa, aya ya 3, ina ruhusa na ina sharti la uadilifu pamoja, katika pumzi moja. Modou kachukua nusu ya kwanza. Hicho ndicho kisa, na mwandishi aliyesomeshwa Kurani na imamu wa msikiti mkuu alijua vizuri alichokuwa akikionesha.

Angalia tena siku ya arubaini. Tamsir yule yule anarudi, na imamu, na Mawdo, na anamwambia mjane wa nduguye: ukitoka eda nitakuoa. Hakuulizwa, katangaza. Wasomaji wa ng'ambo huliona hili kuwa ni ukosefu wa haya tu. Wewe unajua ni zaidi. Aya ya 235 ya Al-Baqara imeruhusu kudokeza, kwa fumbo, na ndiyo maana wanavyuoni wakakataza kumposa kizuka waziwazi kabla muda wake haujesha. Tamsir kaja katikati ya eda, mbele ya imamu, na imamu kanyamaza. Hapo Ramatoulaye, aliyenyamaza miaka thelathini, anafungua mdomo. Anamwambia moyo wake si kitu cha kupokezana mkono kwa mkono. Halafu anamhesabia wake zake watatu: mmoja anatia nguo rangi, wa pili anauza matunda, wa tatu anazungusha mkono wa cherehani usiku na mchana, yote ili nyumba za Tamsir zile. Kwa maneno mengine: bwana, kula yako inatoka kwa wanawake, na umekuja kutafuta wa nne akulishe. Nimesomesha kipande hicho kwa wasichana wa dakhalia, na darasa zima lilipiga vigelegele. Sikuwanyamazisha.

Na mirathi. Kwa Kifaransa mwandishi katumia neno mirasse, akalazimika kulifafanua. Sisi halituhitaji ufafanuzi, ni mirathi, asili yake ni ile ile ya Kiarabu. Mjane mwenye watoto ana thumuni, sehemu moja ya nane, na wajane wakiwa wawili wanagawana thumuni hiyo hiyo. (Wazee waliowahi kushika sarafu ya thumuni watacheka hapo.) Lakini kabla ya kugawa, mali huwekwa wazi na madeni hutangulia, na hapo ndipo siri za maiti hufunuka. Inabainika kwamba jumba alilomjengea Binetou alilipata kwa mkopo wa benki, na dhamana ya mkopo ni nyumba ya Ramatoulaye. Hati ilikuwa kwa jina la mume peke yake, ingawa waliichangia wote wawili. Mwanangu, kaa siku moja kwenye ofisi ya Wakfu na Mali ya Amana, au kwenye baraza ya Kadhi, usikilize. Utawasikia kina Ramatoulaye wa hapa: upatu wangu wa miaka minane umo kwenye matofali yale, na jina langu halimo kwenye karatasi. Riwaya ya 1979, na inasomeka kama ya juzi.

Kwa hiyo la kumjibu mwenzako wa kwanza ni hili: Mariama Bâ haigombi sheria. Anagomba na wanaume wanaoitaja sheria mpaka pale inapowafaa. Kina Tamsir hutembea na imamu, huo ndio uhodari wao.

Sasa yule wa pili, niliyesema yuko karibu na mlango. Anauliza mtetezi gani wa wanawake anakaa?

Kwanza, aliyeondoka yumo kitabuni, na mwandishi kampa heshima kamili. Aissatou ni binti wa sonara, na huko masonara ni tabaka ambalo wenye nasaba hawaozani nalo. Mumewe ni yule yule Mawdo daktari, na mama wa Mawdo, mwenye damu ya watawala wa Sine, ufalme wa zamani huko Senegal, hakumsamehe mwanawe kwa ndoa hiyo. Akaenda kwa kakaake akachukua binti mdogo, akamlea, akamsomesha ukunga, akamkabidhi kwa mwanawe tayari. Huo ni ubaya wa subira, wa miaka, na bibi yule ndiye mhusika aliyechongwa vizuri kuliko wanaume wote wa kitabu. Mawdo akasema anaoa kumridhisha mama tu. Aissatou akaandika barua fupi, akachukua wanawe wanne wa kiume, akaenda. Akasoma ukalimani Ufaransa, akapata kazi ubalozi wa Senegal huko Marekani. Na ndiye aliyemnunulia Ramatoulaye gari, Fiat, watoto wake walipokuwa wakihangaika na mabasi. Ramatoulaye, aliyekuwa akiogopa usukani, akajifunza.

Mwandishi kawaweka hao wawili, na hakumwambia yeyote kati yao kwamba kakosea. Yeye mwenyewe kwa vitendo alikuwa Aissatou. Kwa sauti, nadhani, alikuwa Ramatoulaye. Na nadhani pia kampa usimulizi yule aliyekaa kwa makusudi, kwa sababu aliyeondoka kisa chake kinajisemea: mlango umefungwa, barua iko mezani. Aliyekaa ndiye asiyeaminiwa. Watu husema kakaa kwa sababu hana pa kwenda, hana akili, hana haya. Ramatoulaye alikuwa na mshahara wake, angeweza kwenda. Alikaa huku anajua anachokifanya, na anatueleza uzito wake usiku baada ya usiku: kwenda sinema peke yake watu wakimkodolea macho, kulipa bili, kubadilisha kitasa.

Lakini jibu lenyewe hasa liko kwenye posa ya pili, na nashangaa kikundi chenu hakikuitaja. Baada ya Tamsir anakuja Daouda Dieng. Huyu si Tamsir. Ni daktari, mbunge, alimtaka tangu usichana, anaongea naye siasa kama mtu na mwenziwe. Ramatoulaye ndiye anayemkumbusha kwamba bungeni wanawake ni wanne kati ya wabunge mia, na yeye anakubali kwamba ni aibu. Ni mwanamme mwema, na anamheshimu. Tatizo moja: ana mke. Ramatoulaye anamwandikia kumkataa, na sababu kubwa anayoitoa ni huyo mke. Yeye aliyeachwa kwa ajili ya mwanamke mwengine hawezi kuingia kirahisi baina ya Daouda na ahali yake. Barua anampa jirani yake Farmata aipeleke, na Farmata, aliyeshajiona shahidi wa harusi, anaipeleka mbio kwa furaha, anarudi amehamaki.

Hapo ndipo pa kumshika mkono mwenzako. Tamsir alikataliwa kwa hasira, na hasira kila mtu anayo. Daouda kakataliwa kwa ajili ya mwanamke ambaye Ramatoulaye hana deni naye lolote. Hakuna aliyemwomba, na kwa hesabu ya mji mzima kapoteza bahati. Mwenzako akisema huko si kutetea wanawake, mwulize basi huko kunaitwaje.

Nisikisifu mno. Kina mapungufu, na mwalimu asiyeyasema darasani hajasoma vizuri. Kubwa kwangu ni Binetou. Ramatoulaye anamhurumia, anamfananisha na mwanakondoo aliyechinjwa kwa ajili ya mali, na ni kweli: msichana maskini, katolewa skuli kabla ya mtihani, mamaake kapelekwa Hija, yeye kapewa posho ya mwezi kama mshahara. Lakini Binetou mwenyewe hasemi. Tunamwona kwa mbali, kavaa ghali, kakunja uso. Msibani wanakalishwa pamoja, wajane wawili, mawifi wakiwapa heshima sawasawa, wa ndoa ya miaka thelathini na wa ndoa ya miaka mitano, na Ramatoulaye anakereka kwa kuwepo kwake. Nilitamani sana siku moja daftari liende kwa Binetou. Kwetu mabinti wa namna yake tunawajua kwa majina. La pili ni yule mkuu wa skuli wa Kifaransa, anayesifiwa bila kuulizwa hata swali moja. La tatu, mwishoni mabinti wanamiminika na vituko vyao vyote kwa pamoja, mwenye sigara, mwenye mimba, mwenye suruali, kama mwandishi aliyekumbuka kwamba karatasi zinakwisha.

Na neno lenyewe la utetezi wa wanawake msiligombanie sana. Kuelekea mwisho Ramatoulaye anasema waziwazi anaamini mume na mke wanakamilishana, kwamba taifa linaanzia kwenye familia, na ndoa bado anaitaka iwe ya mapenzi. Wapo waliomlaumu huko Ulaya kwa sentensi hizo. Sioni kwa nini sisi tumlaumu kwa niaba yao. Mkitaka kulinganisha, chukueni Utengano ya Mzanzibari mwenzetu Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 1980, mwaka mmoja tu baadaye. Nayo ina mwanamme anayewafungia wanawake ndani na kuyaita hayo heshima, na kwa ukali nadhani imeipita ya Mariama Bâ. Lakini Maimuna, binti wa humo, husimuliwa. Ramatoulaye kashika kalamu mwenyewe. Fanyeni hivi mkikutana: kila mmoja asome kwa sauti ukurasa mmoja wa kitabu kimoja na mmoja wa cha pili, kisha mwendelee kununiana mkipenda.

Jambo la mwisho, ambalo huenda mlilipita. Barua hii haitiwi posta. Aissatou anakuja, kesho yupo, na Ramatoulaye anajiuliza atakuja kavaa vipi, atataka meza na uma? Atake asitake, yeye atatandika mkeka, ataweka bakuli kubwa linalofuka moshi, na mikono mingine itaingia humo.

Shangazi alipotolewa eda, shoga yake alivuka kutoka Mombasa kwa meli. Walikula sinia moja, kisha wakakaa ukumbini mpaka magharibi, vichwa vimekaribiana. Mimi siku hiyo nilitumwa dukani mara mbili kununua sukari, na mkebe wa sukari ulikuwa umejaa.